Majani Inapita, Watu Hapana

Jumanne asubuhi Chepkirui alitikisa chupa ya dawa akasikia vidonge viwili. Alikuwa ananyonyesha Kiplimo wa miezi minne, na akikosa dawa, virusi vya Ukimwi vingeweza kumfikia mtoto. Korona ilikuwa imefunga barabara ya hospitali. Kizuizini alikaa konstebo Alfayo, aliyesoma kadi ya kliniki ya kila mama kwa sauti, foleni nzima ya watu wa Roret ikisikiliza. Chepkirui aliiacha yake kifuani.

"Bila karatasi sikupitishi, mama," Alfayo alisema, akilipungia mkono lori la chai. "Majani inapita. Watu hapana."

Jumatano Chepkirui aliamka amechipua chai mwilini: majani mawili na chipukizi kila kiwiko, mabegani kichaka kizima. Mama mkwe wake, Phelis, alimkagua huku akinywa uji, akachuma jani gumu nyuma ya sikio lake.

"Hili wangekataa," alisema. "Haya, wahi lori. Mtoto niachie."

Kwenye kituo cha kununulia majani, karani Kebaso alimpandisha kwenye mizani. Kilo hamsini na nane. Akakata mbili za gunia. Gunia halikuwepo, lakini Kebaso hajawahi kumwachia mkulima kilo mbili, na hakuona sababu ya kuanza leo.

Dereva Zack akampakia. Alfayo aliinua chuma cha kizuizi na saluti akapiga.

Hospitalini, Zack alipomshusha, nesi Nelvine alihesabu vidonge thelathini.

"Nipe vya miezi mitatu, sista. Si unaona nilivyokuja?"

"Naona. Wakubwa wamesema mwezi mmoja."

"Mwezi ujao tunapogoa chai."

"Basi jipange, usipogolewe."

Wakati wa kurudi, Alfayo alidhani Chepkirui ni majani yaliyokataliwa kiwandani, akampa Zack pole. Bosibori, jirani asiye na hata mche mmoja wa chai, alikuwa bado amekwama kizuizini upande wa nyumbani, mtoto mgongoni, chupa tupu ya dawa mkononi. Chepkirui alimwonea uchungu. Akavunja tawi begani mwake, likamuuma sana, akampa.

Bosibori alimwonyesha Alfayo lile tawi. Alfayo alilipokea kwa mikono miwili, akalivusha kizuizi, akalilaza vizuri upande wa hospitali. Bosibori akabaki pale pale.

Jioni Chepkirui alimeza kidonge, akamnyonyesha Kiplimo. Phelis alimwekea mbolea miguuni, kisha akachota konzi nyingine, akaondoka nayo kwenda kwa Bosibori.