Kioo cha Bwana Safi

Kioo gani kivulini hukuonyesha wenzako, juani kikakuonyesha pua yako? Ukishindwa usinipe mji, nina nyumba yangu tayari. Nipe masikio.

Siku ya harusi, mjomba wa bibi harusi alisimama getini kama mlingoti. "Hakuna kadi, hakuna kuingia," aliwaambia hata majirani waliotuazima viti. Simu za wageni nazo alizitia kapuni, zisije zikamharibia mtaalamu kazi.

Mtaalamu mwenyewe, mpiga picha aitwaye Bwana Safi, alifika kifua mbele.

"Kadi yako?"

"Yangu imo humu ndani ya kamera, mzee. Ndiyo inayotunza picha."

Mjomba akacheka, akampisha.

Shangazi wa bibi harusi alikuwa na haja moja tu. Yeye ndiye aliyemlea binti huyo, tangu anatambaa, na hawakuwahi kupigwa picha pamoja hata moja. Leo binti anaolewa mbali.

Wakasimama wawili hao uani, jua la utosini. Bwana Safi akabofya, akainamia kioo cha nyuma ya kamera, akakunja uso, akarekebisha tai. "Safi kabisa."

"Unaona nini humo, mwanangu?"

"Mambo ya kitaalamu, mama."

Shangazi akachungulia. Akaiona pua yake mwenyewe, na nyuma ya pua, vijineno vyekundu vikipepesa.

"Na hivyo vyekundu vimeandikwa nini?"

"Kamera inasifu mwanga."

"Jifunike mtandio wangu, usome vizuri."

"Nijifunike mtandio? Watasema bwana harusi kaoa wawili."

Akaendelea na kazi. Wakwe, safi. Keki, safi. Mjomba getini na kapu lake, safi mno, karudiwa mara mbili kwa ombi lake.

Gari la maharusi likawashwa. Binti alikuwa ameshaweka mguu mmoja ndani. Shangazi akavua mtandio, akamfunika Bwana Safi pamoja na kamera yake, kama kuku anavyofunikwa tenga. Wageni wakacheka. Ndani ya mtandio hakuna aliyesema safi.



"Mwambie dereva azime gari," shangazi alimwambia mjomba, "na hilo kapu la simu lilete hapa." Kisha akauinamia mtandio, taratibu, kama anayembembeleza mgonjwa. "Mwanangu, vimeandikwa nini?"

Mtandio ukatikisika kidogo.

"Hakuna kadi."