Wazee wa Bata Bukini

"Mama Brightness, huyu mzee wa ukutani mwenye bata ni mtakatifu gani?"

Tumpe, jirani wa mlango wa pili, aliuliza hivyo siku ya kwanza alipoingia. Kabla mwenye nyumba hajafungua mdomo, wanajumuiya wa kanisani waliokuja kusali wakamjibia: ni Abrahamu na Sara, wamewapokea malaika. Mama Brightness akamimina chai, akanyamaza. Akanyamaza miaka sita.

Ilikuwa picha ya rangi ya mafuta, nakala ya mchoro wa miaka mia nne iliyopita. Giza tupu, isipokuwa taa iliyowamulika babu na bibi wakimfukuza bata bukini ili wawachinjie wageni wawili. Marehemu mumewe, Marcel, aliinunua Plymouth, mji wa jirani, kwenye nyumba ambayo wenyewe walikuwa wakiuza vyombo vyao, mwaka mmoja kabla hajafa.

Jumapili moja, mwaka huo wa sita, jumuiya ilisali tena kwake, Richfield, ughaibuni. Brightness, mwanawe aliyekuja likizo ya Krismasi kutoka chuoni, akawa anapitisha maandazi. Akasema, bila nia mbaya, kwamba wale si malaika. Ni Zeu na Herme, miungu ya Wagiriki iliyojifanya wasafiri, na mzee ni Filemoni na mkewe Bauki.

Maandazi yakasimama midomoni.

"Zeu yule wa Matendo ya Mitume?" Mzee Gaudens, mwenyekiti, akainuka. "Tumesali rozari chini ya Zeu? Mama, ulijua?"

"Nilijua. Marcel alinieleza siku ileile. Abrahamu mlimleta ninyi."

Tumpe akaangua kicheko, akakiziba kwa kiganja.

Gaudens akaitungua picha. "Basi hii inatoka, au jumuiya haikanyagi hapa tena."

"Itoe, mwenyekiti. Ila sikia kwanza. Hao wazee walipoambiwa na wageni wao waombe lolote, waliomba wafe siku moja, asiwepo wa kumzika mwenzake. Marcel akaniambia, mke wangu, na sisi tuombe hivyo, ila kwa Mungu wetu. Tukaomba. Hatukupewa. Ukiichukua, nabaki na ukuta."

Ndege ikapita juu, ikishuka uwanjani. Mama Brightness aliitazama kola ya Gaudens. Ilikuwa imejikunja nyuma, kama kila Jumapili tangu mwezi wa pili, walipomzika mkewe, Careen, ardhi ikiwa imeganda kwa baridi.

Gaudens akairudisha picha msumarini. Akasogea nyuma hatua moja, akaona imelalia upande wa bibi, akainyoosha kwa kidole. Kisha akachukua koti na kofia, akatoka.