Mahari ya Kulala

Kahiga alipomvunja mkewe Watiri mkono na kumfungia nje yeye na watoto, majirani wa kijijini Gakindu walimwelekeza kwenye ofisi ya msaada wa kisheria. Huko alipewa wakili wa bure, Ngendo, aliyemwambia aandike ombi lake kwa maneno yake mwenyewe. Hapo ndipo balaa lilipoingia, maana huku kwetu r na l ni mapacha, na hata mama yao huwachanganya.

“Naomba korti inipe mahari,” Watiri aliandika, naye akikusudia mahali.

Siku ya kesi Kahiga aliipunga karatasi ile kwa furaha. “Mheshimiwa, ati anadai mahari! Hiyo ni maneno ya wazee, si ya korti. Turudishwe nyumbani tuongee.”

Wazee hao Watiri alikuwa amewaendea mara tatu. Walimwambia avumilie, na kila mara alirudi mikononi mwa Kahiga. Akirudishwa tena, alijua Krismasi haitamkuta hai.

“Mama, ni mahari unayodai?” hakimu akauliza.

Ngendo alikuwa ameanza kuinuka. Watiri akamzuia kwa mkono wake mzima. “Wacha niseme mwenyewe.”

Akasimama. “Ndio, Mheshimiwa, mahari. Mahari ya kurara na watoto wangu, na mrango ya kufunga huyu akiwa nje. Mbuzi za baba yangu ziriisha kitambo. Mimi sina haja na mbuzi!”

Watu wakaangua kicheko. Hakimu hakucheka. Alisoma tena barua ya daktari kuhusu mkono uliovunjika, kisha akatoa amri: Watiri na watoto wakae katika nyumba yao, Kahiga ahame siku hiyo hiyo na asimkaribie. Akikaidi, jela inamngoja.

Saa nane mchana Kahiga alitoka na godoro kichwani, askari akimfuata nyuma. Majirani walipiga vigelegele mpaka akapotelea kwenye mibuni ya kahawa.

Watiri aliingiza watoto, akafunga mlango kwa ndani mchana kweupe. Walikaa kimya wakimtazama, kama walivyozoea baba alipokuwepo.

“Pigeni kelele,” akawaambia. “Pigeni mpaka mchoke.”