Kadi ya Vamia

Mkuu wa ofisi ya kamusi aliingia asubuhi hiyo akicheka. Wapwa zake wanne walikuwa wamemvamia Jumapili, hawakumwachia hata ukoko. Ofisi nzima ikacheka. Mhariri wa herufi V naye alicheka, maana neno lina haki ya kutaniwa.

Kicheko kilimkauka alipoona kadi yake mezani.

Pale kila maana huwa na kadi yake, na kila kadi hubeba mfano uliotoka kinywani mwa mtu. Nyuma huandikwa nani kasema, na hakuna ruhusa ya kuugusa bila idhini yake. Sheria hiyo aliitunga mkuu mwenyewe, tena huwasimulia wageni kifua mbele. Maana ya kwanza ya "vamia", kuingia nchi ya watu kwa nguvu za jeshi, ilikuwa na mfano wa mama yake mhariri: "Askari walivuka mpaka wakatuvamia nikiwa naanika nguo." Sasa umekatwa kwa wino mwekundu. Juu yake: "Askari waliingia kwa muda."

"Mkuu, hii nini?"

"Dada yangu, tupunguze makali. Majirani siku hizi ni marafiki zetu. Nzige wavamie shamba, wapwa wavamie sufuria, inatosha."

Damu ilimchemka. Nzige wanavamia, wapwa wanavamia, ila waliokuja na vifaru ndio waliobisha hodi! Miaka kumi na tisa tangu siku ile hakuna aliyemwuliza mama yake yaliyomkuta. Kaulizwa mara moja, katoa sentensi moja, nayo imekatwa kama kosa la mtoto wa shule.

"Sheria ni yako," alisema mhariri. "Omba idhini kwa mwenyewe." Akampigia mama yake simu, akafungua spika, akamsukumia mkuu.

Mkuu alijikohoza. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Mama, ule mfano wako... tungependa usomeke kwamba askari waliingia kwa muda."



"Haya, baba. Kama ni kwa muda, niambie unaisha lini. Walipoondoka walimchukua mume wangu. Nguo zake nilizoanika siku ile ninazo, nimezikunja, namngoja."

 Mhariri alichukua kadi mpya, akauandika mfano uleule neno kwa neno, akamwonyesha mkuu pa kutia sahihi.