Mashine Isiyo na Mdomo

Kwenye duka la gemu alikofanya kazi walimwita Vidole. Mteja akileta padi ya kuchezea iliyochoka, aliishika, akabonyeza huku na huku, akautaja ugonjwa wake kabla fundi hajalegeza skrubu hata moja. Alikuwa amecheza gemu tangu ana miaka sita, na maoni yake hayakuhitaji kuvutwa kwa kamba. Gemu nzuri, alisema, ni ile inayokuheshimu: inakuacha ukosee hadi ujue. Siku hizi watengenezaji wanachora nyusi za shujaa unywele mmoja mmoja, halafu wanakuuzia hadithi mbichi, eti watakuja kumalizia kuipika ukishafika nayo nyumbani.

Ila kwa mashine mpya ya gemu aliteleza yeye mwenyewe.

Baba yake, mchomeleaji mstaafu, alipatwa na kiharusi kilichomlegeza mkono wa kulia. Mtaalamu wa viungo akaagiza vidole visikae bure, na Vidole, bintiye, akamletea gemu ya kujenga madaraja. Mzee, aliyezidharau gemu maisha yake yote, akaingia mzimamzima.

"Aliyetengeneza hiki hajawahi kushika chuma," alilalamika wiki ya kwanza. "Nguzo haikai hivi."

Kesho yake alikuwa palepale kwenye kochi, ncha ya ulimi nje, akiisukuma nguzo kwa kidole gumba kizito kama cha mtu mwingine. Ilimchukua miezi minne kuisimamisha moja bila kusaidiwa na mkono wa kushoto. Siku hiyo mama alizima redio, wakaitazama wote.

Kisha ikaja mashine mpya, nyembamba, isiyo na mdomo wa kutilia diski. Vidole aliisifia kama wenzake. Diski ya mzee ilikuwa na mikwaruzo, inakwamakwama. Akairudisha dukani, akamletea mashine hiyo na kumpakulia gemu ileile kutoka mtandaoni; mzee mwenyewe akabonyeza kitufe cha kijani cha kukubali masharti.

"Hii haikwaruziki, baba. Ni yako mpaka uchoke."

Waliochoka kwanza ni waliomuuzia. Asubuhi moja kampuni ya mashine ilizima seva, mitambo ya mtandaoni iliyoziruhusu gemu za zamani kufunguka, na ile ya madaraja ikakataa kufunguka. Maandishi kwenye kioo yalikuwa madogo, ya lugha asiyoisoma mzee. Yeye alichoona ni kwamba anabonyeza na hakuna kinachosogea. Akabonyeza kutwa nzima. Vidole aliporudi kutoka kazini alimkuta amekizungushia kitambaa kidole gumba kilichovimba.

"Kidole kimekufa tena, mwanangu."

Vidole alipiga magoti sakafuni, akamweleza, akamwomba radhi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe haikuwa yangu," alisema. Tangu hapo hakuigusa padi, hata alipoletewa gemu nyingine. Mtaalamu wa viungo, aliyekuja kila Alhamisi na kulipwa kwa mshahara wa Vidole, alisema sasa wanaanza upya.

Jumamosi iliyofuata mama mmoja aliingia dukani kumtafutia mumewe zawadi. Aliinua boksi la mashine mpya.

"Nikinunua gemu za humu, zinakuwa zetu?"

"Hapana, mama. Mmepanga tu. Mwenye nyumba akiamka vibaya, mnatolewa nje na vyombo vyenu."

Mama akalirudisha boksi. Wawili waliokuwa nyuma yake nao wakaondoka. Mwakilishi wa kampuni, aliyekuwa akibandika mabango mlangoni, alisikia kila neno.

Jumatatu waliketi watatu stoo, katikati ya maboksi: Vidole, mwakilishi, na dada mwenye duka. Mwakilishi alitaka samahani iandikwe kwenye ukurasa wa duka, yenye jina la Vidole, ikisema alipotosha wateja. Bila hiyo, duka halitaletewa mzigo mwingine.

"Andika, mdogo wangu," dada alimsihi. "Ukikataa nitalazimika kukuachisha kazi. Si neno kubwa. Meza tu."

"Nimedanganya wapi, dada? Baba yangu mwenyewe gemu yake imefungwa."

"Masharti yaliandikwa," mwakilishi aliingilia. "Baba yako alikubali."

"Baba yangu alibonyeza kitufe cha kijani kwa kidole kisichojua kama kiko hai. Hayo ndiyo makubaliano yenu?"

Mwakilishi alitazama simu yake. "Pole kwa mzee. Lakini uliyowaambia wateja..."

"Nionyeshe la uongo. Moja tu, kaka, nilifute hapahapa."

Dada alimsogezea Vidole karatasi na kalamu, akasema polepole, bila ukali, na hilo ndilo lililochoma zaidi:

"Na Alhamisi, ukiwa huna kazi, nani atakuja kumnyoosha mzee?"

Vidole aliushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akaukandakanda kiganjani kama alivyomwona mtaalamu akifanya: gumba kwanza, kisha kidole kimoja kimoja. Labda angejifunza. Labda asingeweza, na mzee angekaa na mkono wake mapajani hadi mwisho. Aliisukuma karatasi ikarudi upande wa pili wa meza.

"Sijui, dada," alisema. "Ila radhi siombi."