Miguu Kumi na Minne

Mzee Hezekia alipopooza upande wa kushoto, kazi yake ilimwangukia binti yake Yusta kabla hata hajatoka wodini. Kazi yenyewe ilikuwa farasi mmoja. Jina lake Sifa, jike la rangi ya kahawa iliyokaangwa, mali ya Mama Eliza, mwenye nyumba ya wageni iliyo juu ya bonde la Kwai. Mama Eliza aliishi Tanga na kupanda mlimani mara mbili tatu kwa mwaka, kwa hiyo machoni pa watu Sifa alikuwa farasi wa Mzee Hezekia. Yeye ndiye aliyempokea Mombo miaka kumi na sita nyuma, dereva wa lori alipokataa kupanda kona za mlima akiwa na mnyama anayepiga mateke. Mzee alimpandisha kwa miguu hadi Lushoto, na kesho yake hadi Kwai, akimwimbia nyimbo za kanisani njia nzima kwa sababu hakujua farasi huongeleshwa lugha gani.

Yusta alikuwa na miaka thelathini na moja na mambo yake mwenyewe. Alikuwa mkimbiaji, si wa barabarani bali wa njia za msituni, zile zinazopanda kwenye miti ya misindano na kushuka kwenye matope ya mabonde. Kila Septemba kulikuwa na mbio za milimani, na mwaka uliopita alishika nafasi ya tatu. Halafu kulikuwa na mbwa wawili: Doa, jike mzee mwenye baka jeupe jichoni, na Kamata, dume la miaka miwili lisilojua kutembea, linalojua kukimbia tu.

Siku aliyorudi kutoka hospitali, Mzee Hezekia aliketi kibarazani na kumtazama binti yake akifunga tandiko huku mbwa wakizunguka miguuni mwake. Maneno yalikuwa yakimtoka kwa shida, lakini alitaka kusema.

"Una miguu kumi na minne ya kuangalia," alimwambia. "Na miwili tu ndiyo yako."

Yusta alicheka. Aliona ni hesabu ya mgonjwa.

Miezi ya kwanza aliiweza. Alfajiri alimpanda Sifa hadi ukingo wa msitu wa Magamba, mbwa nyuma, mvuke ukiwatoka wote puani. Wakati wa kurudi alipitia nyumbani, akamsogeza farasi hadi ukingo wa kibaraza, na Mzee akanyoosha mkono wake mzima kumshika pua. Hapo ndipo Mzee alipokubali kunywa uji. Mchana Yusta aliwatembeza wageni, kama wapo. Jioni alivaa viatu vyake vya mbio, akapotea msituni kwa saa moja au mbili. Jirani yao Mwanaidi, aliyelima kabichi na mumewe Issa chini kidogo ya malisho ya Sifa, alizoea kumwona akipita. Mwanaidi hakutaka pua ya mbwa iguse nguo yake ya kuswalia, lakini kila jioni aliwawekea akina Doa makoko ya ugali kwenye kifuniko cha sufuria kilichovunjika, akakisukuma chini ya uzio kwa fimbo.

Mwaka wenyewe ndio ulioanza kwenda kombo. Januari, ambayo kwa kawaida hukausha njia, ilinyesha. Februari ikanyesha tena, mvua ya uvuguvugu kama ya kule chini Mombo, na maharage yakachipua yangali ndani ya maganda. Wazee walitoka asubuhi bila makoti, wakatazamana. Masika ilipoingia ilikuta ardhi imeshajaa maji, na usiku haukuwa na ile baridi ya kuuma vidole.

Mzee Hezekia aliyaona hayo kutoka kibarazani, akawa na neno moja tu kila siku: Sifa aingie bandani kabla ya saa kumi na mbili jioni. Alimweleza Yusta, polepole, kwamba kuna ugonjwa wa farasi unaoletwa na visubi, vijidudu vidogo kuliko mbu, vinavyotoka jua linapozama kwenye sehemu zenye maji. Rafiki yake mmoja huko tambarare alizika farasi watatu katika juma moja. Huku juu haukuwahi kufika, kwa sababu visubi haviipendi baridi. Lakini baridi mwaka huu iko wapi? Basi farasi aingie mapema, mlango ufungwe, na kinyesi kikavu kichomwe mlangoni ili moshi uvizuie.

Yusta alifanya hivyo. Karibu kila siku alifanya hivyo.

Tatizo ni kwamba mvua ilikuwa imewafukuza wageni, na pasipo wageni alikuwa na muda, na kwenye muda huo mbio zilimnogea. Kifua kilikuwa kimefunguka. Alipanda vilima vilivyokuwa vikimsimamisha mwaka jana bila hata kushika magoti. Aliongeza njia, kutoka kilomita kumi hadi kumi na tano, kisha akawa anakaribia Lukozi kabla ya kugeuka. Doa hakuziweza tena safari hizo, akaachwa amefungwa. Kamata aliziweza, na Yusta alikiri moyoni kwamba hakuna alichokipenda zaidi ya kusikia kucha za yule mbwa zikikwaruza mawe nyuma yake.

Jumatano moja ya Aprili, wakiwa wanarudi, pongo, yule swala wa msituni, alikatiza njia. Kamata aliingia porini kama jiwe lililorushwa. Yusta alimwita, akapiga mluzi, akasubiri. Alitazama saa: kumi na nusu. Kutoka pale hadi nyumbani ilikuwa mwendo wa saa moja, mtu akikimbia. Sifa alikuwa malishoni kando ya kijito. Simu haikuwa na mtandao. Angeweza kuondoka, kwa maana mbwa hujua njia ya kwao. Lakini ndani ya msitu ule kulikuwa na mitego ya waya, na mwezi uliopita alikuwa ameona mbwa wa watu amekatwa mguu. Akaingia porini.

Alimpata saa kumi na mbili kasoro, kwenye korongo, mzima kabisa, ulimi nje, anatikisa mkia. Yusta alimkumbatia akamlowanisha kwa machozi. Walipofika nyumbani giza lilikuwa limeshashika. Sifa alikuwa amesimama kwenye lango la malisho, amelowa, kichwa juu ya mti wa juu wa lango, akisubiri kufunguliwa. Yusta alimkausha kwa gunia, akawasha moshi, akamwomba msamaha kwa sauti ndogo. Baba yake alipouliza, alimwambia wamechelewa kidogo tu.

Siku ya nane Sifa aliacha majani. Siku ya tisa, Yusta alipomshika kichwa ili amvalishe hatamu, aliona vile vishimo vilivyo juu ya macho ya farasi vimejaa, vimevimba kama vimetiwa unga uliokandwa. Hakumpanda. Alikwenda moja kwa moja barabarani, akachukua bodaboda, akamfuata Tobia, daktari wa mifugo.

Tobia alikuwa mtu wa ng'ombe na mbuzi, na hakujifanya kuwa mwingine. Alimpima Sifa joto, akamsikiliza kifua kwa muda mrefu, akakunja kifaa chake. Alisema ugonjwa huu ameusoma chuoni, hajawahi kuuona. Chanjo yake hupigwa kabla, na hata hiyo kuipata ni kazi. Dawa ya kuuponya haipo. Alimchoma sindano ya kupunguza homa ili asiumie sana, akakaa naye, ingawa hakuna aliyemwomba akae.

Kesho yake saa nne asubuhi Sifa alilala chini. Pumzi zilikuwa zikija kwa kukoroma, na povu jeupe lilimtoka puani, jingi, kama la sabuni. Mzee Hezekia alisikia ile sauti kutoka kibarazani na kudai apelekwe. Yusta alikataa. Mzee akajitupa kutoka kwenye kiti, akaanza kujiburuta. Issa, aliyekuwa shambani, aliruka uzio, akambeba mgongoni kama mtu anavyobeba mtoto, akamshusha kwenye nyasi karibu na kichwa cha farasi.

Mzee alimwekea Sifa mkono shingoni. Akaanza kuimba. Maneno hayakutoka vizuri, mdomo ulikuwa umepinda, lakini wimbo ulijulikana. Sifa alisogeza sikio moja kuelekea kule sauti ilikotoka. Kabla ya adhana ya adhuhuri alikuwa amekufa.

Kumzika farasi si jambo la watu wawili. Issa alikwenda msikitini, na baada ya swala alirudi na wanaume kumi na mmoja, kila mtu na jembe au sepetu lake. Wengi wao hawakuwahi kumgusa Sifa maishani mwao. Walichimba kwenye mvua mpaka jioni, udongo ukiwateleza na kurudi shimoni, huku Mwanaidi akipita na birika la chai ya tangawizi. Hakuna aliyefanya mzaha. Walipomaliza, Issa alinawa mikono kwenye kijito na kumuuliza Yusta ilikuwaje.

Yusta alimweleza yote, pale pale, kwa sababu alikuwa hajamweleza mtu.

Issa alijifuta mikono kwenye suruali. "Lango tu?" alisema. "Mimi nilikuwa hapo hapo kwenye kabichi. Ungeniambia, kila jioni ningekuwa namwingiza."

Hakusema kwa kulaumu, na hilo ndilo lililomuumiza Yusta kuliko lawama. Miezi yote ile alijiona mtu anayebeba vitu vitatu peke yake, na hakuwahi kufikiria kumwomba jirani afungue lango.

Ikabaki kumwambia baba. Ilimchukua majuma mawili. Mzee alikuwa amekataa kukaa kibarazani. Alilala akitazama ukuta, na uji ulirudi ulivyokwenda. Siku moja ya Mei Yusta alikaa kwenye ukingo wa kitanda akasema: siku ile hatukuchelewa kidogo, tulichelewa sana; nilikuwa namtafuta mbwa. Akataja na jioni nyingine mbili ambazo pia alichelewa, bila mbwa kupotea, kwa sababu tu miguu ilikuwa myepesi.

Mzee Hezekia aliendelea kutazama ukuta siku hiyo na ya pili. Siku ya tatu, Yusta akiwa anamfuta uso kwa kitambaa, Mzee alimshika kifundo cha mkono.

"Ulichelewa," alisema. "Ni kweli. Sitakudanganya." Akapumzika kutafuta maneno. "Na mimi nimechelewa mara nyingi, mwanangu. Harusini, misibani, kwenye pombe. Sifa amelala nje mara ngapi. Ila miaka yangu baridi ilinisitiri. Wewe haikukusitiri."

Yusta alilala kifudifudi kwenye blanketi la baba yake akalia kama hajawahi kulia, na Mzee akawa anampiga piga mgongoni kwa ule mkono mmoja. Hilo halikumwondolea mzigo. Lakini tangu hapo waliubeba wawili.

Baridi ilikuja Juni. Ilikuja kali, ya kugandisha maji kwenye ndoo ya nje, na watu wakaipokea kama mgeni aliyekuja matanga yakiwa yameshaanuliwa. Yusta hakukimbia. Mama Eliza alipanda kutoka Tanga, akasimama kwenye kaburi na mwavuli wake, akasema maneno mazuri, na kabla ya kuondoka akasema hataleta farasi mwingine. Miaka haitabiriki tena. Alimpa Yusta kazi ya vyumba, kufua mashuka na kutandika. Kamata alizoea kulala juu ya lile tuta la udongo, si kwa huzuni pengine, ila kwa kuwa lilikuwa mahali pa kwanza kupata jua. Yusta hakuweza kumtazama akiwa pale. Kuna siku alimchukia. Siku hizo alimpa chakula zaidi.

Mbio za Septemba zilipita kwenye njia ileile ya juu ya Kwai. Waandaaji walitafuta watu wa kugawa maji, naye akakubali, akasimama tangu asubuhi kwenye kona na madumu mawili. Aliwaona wa mbele wakipita, wanawake kwa wanaume, wamelowa matope hadi kiunoni. Msichana mmoja asiyemjua alisimama akamuuliza kama mlima umeisha. Yusta alimwambia bado mmoja, mfupi, ashike kushoto kwenye mzizi mkubwa, ateremke kwa visigino. Alijikuta ameshatembea naye hatua kadhaa, kisha zimekuwa hatua za kukimbia, kikombe cha plastiki bado mkononi. Alipofika kwenye ule mzizi alisimama, akamwacha aende, akarudi kwenye madumu yake.

Oktoba, Mama Eliza alipiga simu kwamba kuna mtu wa karibu na Arusha anayetaka tandiko na hatamu. Mzee Hezekia aliposikia, aliomba viletwe ndani. Alimwagiza Yusta samli kidogo na kitambaa laini. Kwa siku tatu alikaa kitandani na lile tandiko mapajani, akilipaka kwa mkono mmoja, mkunjo kwa mkunjo, hadi chini kabisa ambako hakuna anayetazama. Yusta alimshikia upande wa pili lisiteleze. Alimuuliza kwa nini anajichosha, na mwenyewe hajui hata litamkaa farasi gani.

"Litamkaa mgongoni," alisema Mzee. "Ngozi kavu huchubua."

Gari lilikuja Ijumaa. Kijana aliyetumwa alilifunga tandiko kwenye shuka, akalisifu kwamba ni laini, akashukuru, akaondoka. Mzee alitaka kutoka nje, mara ya kwanza tangu Aprili. Yusta alimshika kwapani, wakaenda hatua kwa hatua hadi kibarazani, wakakaa wakisikiliza lile gari likibadilisha gia kwenye kona za kushukia Lushoto, mpaka lisisikike. Kisha Mzee akasema mkono wake unanuka samli, na Yusta akaingia ndani kumchotea maji ya moto.