Ukurasa wa Tano

"Katika kisiwa chote hiki cha Mombasa, kuanzia Ganjoni mpaka Kuze, mwandishi wa kwanza ni mimi," Bi Mejumaa alipenda kuwaambia wageni. Kisha, kabla mgeni hajapata nafasi ya kustaajabu, alimalizia mwenyewe: "Lakini usiniulize wengine wako wangapi. Niwajuao ni watano, mmoja ni mimi, na mwengine hajamaliza hadithi tangu azaliwe."

Huyo asiyemaliza ni Odera, karani wa reli, ambaye hadithi zake zote hufika mahali mtu anafungua mlango zikakoma papo hapo. Waliobaki ni Mwalimu Masha, mstaafu, ndiye mwenyekiti; Sidi, mshona mapazia, ambaye hucheka kabla kichekesho hakijafika; na Nasipwondi wa ofisi za bandarini. Hao ndio Kalamu za Jumamosi, na hukutana mara moja kwa mwezi, baada ya alasiri, katika chumba cha juu nyumbani kwa Bi Mejumaa, kichochoro cha pili ukitoka Ndia Kuu.

Chama kina kanuni zake. Hadithi huandikwa kwa mkono, nakala moja tu, maana Mwalimu Masha anaamini simu za siku hizi huandika zenyewe na mwenye simu akatia sahihi. Haiwekwi jina. Hutiwa kikapuni, na kikapu hukaa kwa Bi Mejumaa juma zima kabla ya mkutano. Na wakati hadithi inasomwa na kujadiliwa, mwenyewe hafungui kinywa, hata wakiichana vipande mbele yake, mpaka mshindi apatikane kwa buni: kila mtu huweka chembe moja ya kahawa, ndiyo kura yake, juu ya hadithi ya mwenzake aliyoipenda. Bila shaka kila mtu anaujua mwandiko wa kila mtu. Wanajifanya hawaujui, na kwa adabu hiyo chama kimedumu.

Kwa miaka sita buni zilikuwa za Bi Mejumaa. Darasa lake la saba halikumzuia. Masultani wake walitembea juu ya mazulia, majini wake walioana kwa vigelegele, na chumba kizima kilipumua kwa pumzi yake. Ndipo akaja Nasipwondi, mtu wa Bungoma, akisalimu kwa magoti nusu, na daftari la mistari mipana. Bi Mejumaa alimkaribisha kwa mikono miwili. Alimfunza yeye mwenyewe maneno ya pwani, akamwonyesha pa kununua mabuyu, akamwambia, "Andika tu mwanangu, hata ukikosea sisi tutakucheka taratibu."

Hakuna aliyecheka. Mwezi wa kwanza Nasipwondi alipata buni moja, wa pili mbili, na mwezi uliopita tatu. Bi Mejumaa alipata moja, na hiyo moja, tuseme kweli, aliiweka mwenyewe Mwalimu Masha alipoinama kutafuta miwani.

Haya yote angeyameza. Lakini sasa chama kilikuwa kinatoa kitabu chake cha kwanza, na hadithi itakayopata buni nyingi Jumamosi hii ndiyo itakayokifungua. Bi Mejumaa alikuwa ameshawatangazia Kuze nzima kwamba ukurasa wa kwanza ni wake. Hata muuza kahawa alishampa hongera, na hongera ya watu hairudishwi.

Jumatano Nasipwondi alipanda ngazi akitoka kazini.

"Hodi, Bi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kikapu kile pale."

Akatia karatasi zake, akaaga. Ngazi hazijanyamaza, Bi Mejumaa alikuwa ameshazitoa kikapuni, ati azipanguse vumbi. Akazipangusa kwa macho, kurasa tano, kwanza akiwa amesimama, halafu amekaa, halafu akarudia mwanzo.

Ilikuwa hadithi ya majirani wawili wa jumba moja la ghorofa huko Ganjoni, walionuniana miaka tisa kwa sababu ya kibanio cha nguo. Wa chini alisema wa juu kamwibia kibanio chake kwenye kamba ya kuanikia darini, juu ya paa. Wa juu akasema hakukiona wala hakijui. Basi. Hapakuwa na sultani hata mmoja. Na alipofika mwisho, Bi Mejumaa alijikuta anajifuta machozi kwa ncha ya leso, akaudhika kama mtu aliyekanyagwa.

"Si wivu," alijiambia. "Mimi nina wivu gani na mtu wa vibanio?" Lakini ulimbana palepale kifuani, kwa sababu mwezi mzima alikuwa ameandika majini wawili na jahazi la lulu, na hakuna hata jini mmoja aliyemtoa chozi.

Jikoni palikuwa na bunda la magazeti na madaftari makuukuu, ambayo Lamis, mke wa mwanawe, hufungia bajia anazouza barazani. Bi Mejumaa akaliinua, akaisukuma hadithi chini kabisa, mahali ambapo Lamis hangefika mpaka Ramadhani. Jumapili angeiokota. Angeshika kichwa: lo, mwanangu, kumbe ilianguka nyuma ya kabati! Kitabu kingekuwa kimeshapata mwenyewe.

Ukurasa wa tano peke yake ulimshinda. Akaukunja mara nne, akautia mkobani, auangalie tena mara moja tu.

Jumamosi Mwalimu Masha alimimina kikapu mezani, akahesabu. "Nne. Moja imepungua."

"Mimi nilileta, Mwalimu," akasema Nasipwondi. "Jumatano. Nilitia kwa mkono wangu."

"Ulikuja, kweli," akasema Bi Mejumaa kwa sauti ya huruma. "Tuliamkuana vizuri. Lakini karatasi mimi sikuiona. Kazi zile za bandarini humsahaulisha mtu kichwa chake. Umetazama kwenye tuktuk?"

"Sikupanda tuktuk, Bi."

"Basi mie sijui. Sijaiona, sijaigusa, sijaisoma hata herufi."

Sidi alimtazama kidogo zaidi ya inavyopasa. Zikasomwa nne. Ya Odera iliisha mtu akifungua mlango. Ya majini ilipokwisha Mwalimu Masha alisema, "Majini wanaendelea vizuri," na Bi Mejumaa, kwa kanuni ya chama, akalazimika kunyamaza.

Kabla ya buni kuwekwa, Lamis akaleta chai na bajia, kila mtu na karatasi yake. Sasa waandishi wana ugonjwa mmoja: mpe mwandishi njugu kwenye gazeti, atasoma gazeti kwanza, njugu zipoe. Mwalimu Masha alimwaga bajia zake kwenye sahani, akaikunjua karatasi, akavaa miwani.

"'Miaka tisa,'" akasoma, "'hawakusalimiana hata ngazini.' Nani hapa ana ukurasa wa kwanza?"

"Mimi nina wa tatu!" Odera akapiga kelele, mdomo umejaa.

"Lamis, mama," akasema Sidi, "karatasi hizi umezitoa wapi?"

"Bunda la jikoni. Chini lilikuwa limepata maji, nikaanzia huko zisije zikaoza. Kwani zina nini?"

Macho yote yakageuka. Bi Mejumaa akachukua bajia, akaikagua. "Upepo," akasema. "Dirisha hili halifungi."

"Upepo ukaitoa kikapuni," akasema Sidi, "ukaipeleka jikoni, ukainua bunda, ukaiweka chini yake. Upepo wenye mikono huo, shoga."

"Mimi nimeshasema. Sijaisoma."

Mwalimu Masha akagonga meza kwa kijiko. "Kanuni inasema hadithi ikifika mezani isomwe. Haikusema ifike kwa kikapu au kwa bajia. Na mwenyewe, yeyote awaye, anyamaze."

Nasipwondi akafumba midomo.

Ikasomwa, mafuta na yote. Kufikia ukurasa wa nne hakuna aliyekuwa akitafuna. Jirani wa chini anaumwa, siku saba hajatoka, nguo zake zimebaki juu ya dari na mvua inakuja, na yeye nguvu za kuzianua hana. "'Mara mlango ukabishwa,'" Mwalimu Masha akamaliza. "'Akajikokota, akafungua.' Ukurasa wa tano uko kwa nani?"

Hauko kwa mtu. Wakatikisa sinia, Lamis akaitwa, akasema alizokuta ni nne.

"Basi imekwisha," akasema Odera. "Hapo ndipo hadithi inapoisha. Nimekuwa nikiwaambia miaka yote."

"Haiwezi," akasema Mwalimu Masha. "Jirani wa juu amefariki. Huyo ni mtoto wake, ameleta habari."

"Mbona wewe kila hadithi waua mtu?" akasema Sidi. "Ni jirani mwenyewe. Wanakumbatiana, wanalia, wanaombana radhi."

Bi Mejumaa alikuwa ameushika mkoba kwa mikono miwili. Kila jibu lilimpita kama changarawe kwenye wali. Akamtazama Nasipwondi: Nasipwondi kafumba midomo vilevile, na macho yamemjaa maji, anaona watu wakimzikia hadithi yake bila kumuuliza.

"Haya," akasema Mwalimu Masha, akitoa kalamu. "Kitabu hakingoji, na hadithi haiwezi kufungua kitabu bila mwisho. Wanaounga mkono wakumbatiane? Naandika hapa chini: 'Wakakumbatiana, wakalia sana...'"

"Hawakumbatiani!" Bi Mejumaa alikuwa amesimama na wala hajui kasimama lini. "Kukumbatiana! Nyinyi watu wa wapi? Mlangoni hapana mtu! Pana beseni. Nguo zake za juma zima, zimeanuliwa, zimekunjwa, na juu ya nguo kile kibanio." Sauti yake ikashuka, ikawa ile ya miaka yake sita ya ushindi, ambayo chumba kilikuwa kikipumua nayo. "Yule mgonjwa akainama. Akakitia kibanio kinywani, kama afanyavyo mwanamke akiwa anaanika, akapanda ngazi mbio... la, taratibu, akishika ukuta, mpaka mlango wa juu. Akabisha."

Sidi, ambaye hucheka mapema, hakucheka.

"Mwisho ndio huo," akasema Mwalimu Masha polepole, akaikata kwa mstari ile sentensi yake ya kukumbatiana. Akaweka chembe yake ya buni juu ya karatasi yenye mafuta. Odera akaweka yake. Sidi akaweka yake.

Bi Mejumaa akakaa. "Nimekisia tu," akasema. "Mimi ni mzee wa hadithi. Mwanzo ukinipa, mwisho naujua."

Buni tatu kati ya tano zilikuwa zimeshawekwa, mshindi kapatikana, kwa hiyo Nasipwondi alikuwa na ruhusa ya kusema.

"Umekisia vizuri, Bi," akasema. "Ila lile neno 'mbio' nililiandika nikalifuta, nikaandika 'taratibu' juu yake. Liko kwenye karatasi moja tu ulimwenguni."

Sidi akanyoosha mkono juu ya meza. "Lete mkoba, shoga."